Boti Isiyotakiwa Kulowa

Nchi ninayoisema hapa msiitafute kwenye ramani. Iko mbali, na barabara ya kwendea huko ilikatika. Watu wake ni wapole, viongozi wake hawalali kwa kutufikiria, na kila jambo linakwenda kwa utaratibu. Ukisoma ukaona kama vile unawafahamu watu hawa, basi weka hadithi chini ukapumzike, umechoka tu. Hata mimi nimechoka. Mimi ni kinyozi, na mwaka ule kibanda changu kililala chini ya maji pamoja na kioo na kiti, na nikiwa sina kichwa cha kunyoa ndipo nikaitwa kujitolea.

Kwetu mtu hujitolea kwa hiari yake. Mjumbe wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba kuwajulisha wale ambao hiari yao imeshatolewa, na asiyekuwepo nyumbani hutafutwa mpaka apatikane. Mimi nilipatikana chini ya kitanda cha shemeji yangu. Nikaambiwa nchi inanihitaji, nikavaa viatu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la msaada, ukingoni mwa Mzembe. Mzembe ni mkono wa mto. Uliachana na mto mkubwa zamani sana, ukajilaza kwenye matete na magugu maji, ukawa hauendi popote. Jani likianguka asubuhi, jioni unalikuta palepale. Wataalamu wa serikali walipoulizwa kama Mzembe unaweza kufurika, walijibu kwamba mto huo hauna historia ya kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo ghala likajengwa pale pale, ili siku maafa yakitokea msaada uwe karibu nayo.

Ghala hilo lilizinduliwa na Waziri aliyetangulia. Alikata utepe mlangoni, kisha akausifu mlango kwa hotuba ndefu, maana ndani hamkuwa na kitu kingine cha kusifia. Mlango kwa kweli ulistahili. Ulikuwa wa mbao tupu, mpana kama kitanda cha maharusi, na kipande cha ule utepe kilikuwa bado kimefungwa kwenye komeo, kimepauka kwa jua. Kila asubuhi tulipofika tuliupita tukiinamisha vichwa kidogo, kwa heshima.

Hapo naona nieleze kitu, maana mtu wa nje anaweza asituelewe. Kwetu kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Iwe kisima, iwe daraja, iwe choo cha shule. Shuleni kwa binti yangu watoto walikaa muhula mzima wakikitazama choo kipya na utepe wake mwekundu, kisha wakaenda vichakani. Hakuna aliyewalazimisha. Wamelelewa vizuri.

*

Sasa, ng'ambo ya Mzembe kuna kilima kidogo kinaitwa Nundu. Zamani watu wa huko walikuwa na mitumbwi yao ya kuchonga. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko mitumbwi hiyo ilikusanywa yote kupisha Mpango wa Boti za Kisasa, na siku mpango ulipozinduliwa, mitumbwi ndiyo iliyotumika kama kuni za kupikia pilau ya wageni. Pilau ilikuwa nzuri. Niliila mwenyewe, siwezi kusema uongo.

Mvua zilipoanza, Mzembe ukaamka. Wenye miguu mizuri wakavuka maji yakiwa magotini. Waliobaki Nundu ni wazee, pamoja na waliowaonea wazee huruma, nao hawakubaki kwa ukaidi. Redio ilisema, "Wananchi kaeni mlipo, msaada unakuja," wakakaa walipo. Maji yakajaa mashamba, yakaizunguka Nundu pande zote, na chini ya maji kukawa na lile tope la Mzembe linaloshika mguu mpaka kiunoni. Hapo hata mwenye miguu mizuri asingevuka tena.

Katika waliobaki alikuwepo Bi Mashavu, mjane, na mbuzi wake jike mweupe. Na katika sisi wa kujitolea alikuwepo binti yake, Siwema, muuza vitumbua wa sokoni. Siwema hakutafutwa na mjumbe. Alikuja mwenyewe, asubuhi moja, akasema anataka kujitolea. Jambo hilo halikuwahi kutokea nchini, na kwa muda alishukiwa. Lakini sababu yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Kutoka mlangoni kwa ghala unaiona Nundu yote, na maji ya Mzembe yalivyo mazito na kimya, mtu wa huku akisema anasikika kule.

"Siwema, umekula?" ndivyo Bi Mashavu alivyokuwa akiita kila asubuhi.

"Nimekula, mama. Na nyie je?"

"Sisi tumekula."

Wote wawili walikuwa wanadanganya. Kule walikuwa wanachemsha mihogo michanga waliyoing'oa kabla maji hayajaifikia, na huku tulikuwa tunatafuna mahindi ya kuchemsha tuliyotoka nayo makwetu, nayo yalikuwa yanaishia. Nyuma yetu ghala limejaa unga na maharage mpaka kwenye paa. Limejaa mablanketi, masufuria, madumu ya maji. Hakuna hata kimoja kilichozinduliwa. Tulikuwa tunalinda chakula kwa njaa, na niseme ukweli, tulilinda vizuri.

*

Mkuu wa Ghala alikuwa Bwana Mbaruku, mtu mwembamba wa makamo, mwenye koti la wizara lililomzidi mabegani na kipaza sauti cha mkono ambacho hakukiweka chini hata wakati wa kula. Hakuwa mtu mbaya. Nimewanyoa watu wabaya, nawajua shingo zao. Huyu shingo yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu.

Siku ya kwanza alitupeleka nyuma ya mapazia ya magunia akatuonyesha boti. Nyeupe, mstari wa bluu ubavuni, injini bado iko kwenye nailoni. Utepe mpana umeizunguka katikati, fundo lake limekaa mbele kama la zawadi.

"Ndugu wajitoleaji," akasema kwa kipaza sauti, ingawa tulikuwa tumesimama mbele yake, "hii ni boti ya uokoaji. Ni msaada. Na msaada hautakiwi kulowa kabla ya kuzinduliwa."

"Boti?" Siwema akauliza.

"Boti pia ni msaada, dada."

Basi tukagawiwa majukumu. Siwema akapewa kugeuza mablanketi yasivunde. Mimi, kwa kuwa nilikuja na taulo langu la kinyozi begani, nikapewa boti. Kazi yangu ilikuwa kuipangusa. Ukingo wa Mzembe una umande mwingi, kila alfajiri boti ilikuwa imetoka jasho, na mimi nikaifuta toka mbele hadi nyuma, injini, fundo la utepe, kila kitu, mpaka taulo likawa zito. Halafu nikalikamua nje, kwenye mafuriko.

Bwana Mbaruku alikuwa anawajali sana waathirika. Kila asubuhi alisimama ukingoni akawasalimia.

"Waathirika wa Nundu, hamjambo?"

"Hatujambo," wakajibu.

"Serikali inawafikiria. Waziri wa Maafa na Sherehe atafika kuzindua boti wakati wowote. Mnaombwa kuanza mazoezi ya wimbo wa mapokezi."

Niseme hapa kwamba zamani tulikuwa na wizara mbili, ya Maafa na ya Sherehe, zikaunganishwa kupunguza gharama, kwa kuwa ilionekana Mawaziri wote wawili wanahudhuria shughuli zilezile. Basi watu wa Nundu wakaanza mazoezi. Waliimba asubuhi na jioni, wamesimama kwenye matope, wanapiga makofi. Wimbo wao ulisema wanamshukuru Waziri, na kwamba bila maji haya wasingemwona. Siwema alikuwa akiisikia sauti ya mama yake katikati ya zile sauti, nyembamba, inachelewa kidogo kwenye kiitikio, anageuza blanketi moja mara nne bila kujijua.

*

Waziri hakuja, na sababu ilikuwa nzuri. Barabara ya kutoka mji mkuu ilikatika darajani, na ili Waziri avuke pale alihitaji boti. Bwana Mbaruku, kwa nia njema kabisa, akaita makao makuu kwa redio ya upepo.

"Boti ninayo hapa," akasema. "Naweza kuituma ikamchukue Mheshimiwa aje aizindue."

Redio ikakoroma. Sauti ya makao makuu ikamwuliza kama boti hiyo imeshazinduliwa.

"Bado. Ndiyo maana nataka aje aizindue."

"Sasa utaitumiaje, Mbaruku, haijazinduliwa?"

Bwana Mbaruku akaona kweli hakufikiri. Akaomba radhi. Alituambia baadaye kwamba makao makuu kuna vichwa.

Mvua ikarudi. Paa la ghala lilikuwa linavuja upande wa boti, kwa hiyo likatafutwa turubai. Lilikuwepo moja tu nje ya msaada, turubai la kufunikia lori, ambalo Siwema alikuwa ameliomba toka siku ya kwanza ili arushiwe mama yake kwa kamba, likashindikana kwa sababu halikuwa la waathirika. Boti ikafunikwa nalo. Nundu wakatutazama. Walikuwa wamejibanza kwenye kibanda cha makuti kilichobaki, maji yanawatiririka usoni.

"Hiyo boti imelala pazuri," Bi Mashavu akasema. Hakusema kwa kejeli. Kule kwao mtu akikuona una kitu kizuri anakipongeza.

Nundu ikawa inapungua. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulikuwa tunaupima mpapai. Bi Mashavu alikuwa amemfunga mbuzi wake kwenye mpapai chini ya kilima. Asubuhi moja mbuzi amesimama kwenye maji. Bi Mashavu akampandisha kwenye kisiki. Baadaye kisiki nacho kikawa hakionekani, mbuzi yuko mlangoni kwa kibanda pamoja na watu, na juu ya kibanda hakuna tena pa kupanda. Ilibaki sehemu ndogo ya kilima, na watu wote wa Nundu walikuwa juu yake.

Siwema akamfuata Bwana Mbaruku. Mimi nilikuwa napangusa, nikasikia yote.

"Bwana Mkuu, nakuomba. Boti iingie majini mara moja tu, wavuke, tuitoe, huyu kaka ataipangusa. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua, dada."

"Mama yangu atakufa pale ukimtazama."

Bwana Mbaruku akakishusha kipaza sauti. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake yenyewe, ndogo, ya mtu aliyepata malezi.

"Aliyekuwa kabla yangu hapa ulimfahamu? Baridi ilipoingia aliwapa watu mablanketi kabla ya uzinduzi. Leo yuko mbugani, amepewa kazi ya kuchunga nyani. Mwaka wa ngapi huu. Watoto wake wanamsikia kwa redio tu, tena siku nyani wakitulia." Akalivuta koti lake mabegani. "Mimi nina watoto, dada. Nitawaita tena leo. Nitawaambia maji yamefika mlangoni."

Akaita kweli. Sauti yake ilitetemeka, na makao makuu wakamsifu kwa moyo wake.

*

Basi Waziri akaja kwa helikopta.

Tulipoiona inashuka, mimi nilidhani mambo yamekwisha. Helikopta inaweza kusimama juu ya Nundu ikawachukua watu wote kabla chai haijachemka. Siwema akamkimbilia rubani, akamwambia hivyo. Rubani alikuwa kijana mstaarabu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Helikopta hii ni ya Maafa, dada yangu," akasema, "lakini safari ya leo ni ya Sherehe. Nikibadilisha katikati itakuwa fujo."

Wakashuka Waziri, katibu wake, wapiga picha, mtu wa kushika mwavuli, mtu wa kushika mkasi kwenye mto wa kitambaa, na keki. Wakaletewa viti. Bwana Mbaruku akamvuta Siwema pembeni, uso wake unang'aa.

"Nimempatia nafasi mama yako. Katibu amekubali. Picha inahitaji muathirika mmoja anayeokolewa, nikamtaja yeye. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Akishavuka huyu, boti si imeshazinduliwa? Tunawavusha wote jioni hii."

Siwema akamshika mkono Bwana Mbaruku akaubusu. Mimi nikaangalia pembeni. Nilikuwa nimeipangusa boti ile siku zote hizo kwa kuichukia, na mara nikaipenda.

Waziri alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu. Akasimama mbele ya boti mle ghalani, mwavuli juu yake kwa kuwa paa linavuja.

"Ndugu zangu, wapo wanaouliza serikali ilikuwa wapi maji yalipokuja. Nawajibu leo. Serikali ilikuwa inajiandaa. Tungekuja siku ile ile tungekuja na nini? Na haraka tu. Leo tumekuja na boti! Tazameni ilivyo kavu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya serikali na mafuriko. Mafuriko yanagusa kila kitu, lakini hii hayajaigusa."

Tukapiga makofi. Akamwulizia aliyeitunza, nikasukumwa mbele, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu. Akaeleza historia ya boti duniani, akawalaumu wanaokata miti, akawaomba waathirika waache mazoea ya kukaa mabondeni, akikionyesha kile kilima kwa mkasi. Mvua ilizidi. Maji yalikuwa yameingia kwenye kibanda cha Nundu, watu wamesimama, na bado wanaimba ule wimbo wao, kwa sababu waliambiwa wasinyamaze mpaka waashiriwe. Mwishowe utepe ukakatwa. Boti ikaingizwa majini, ikalowa.

Wakapanda. Waziri, katibu, wapiga picha, mtu wa mwavuli. Kiti cha nyuma upande wa kushoto kikabaki wazi, na juu yake wakaweka blanketi moja jipya. Boti ikavuka Mzembe kwa muda wa kuvuta sigara moja. Siku zote tulizokaa tukiumiza roho, kumbe ni umbali huo.

Siwema alisimama ukingoni, vidole vya miguu majini. Tulikuwa tunaona na kusikia kila kitu.

Waziri hakushuka. Bi Mashavu akasogezwa mpaka ubavuni kwa boti, akatandwa lile blanketi mabegani, wakapigwa picha, Waziri ameweka mkono wake juu ya kichwa chake. Halafu katibu akalichukua blanketi akalikunja, maana lilikuwa la mfano. Mablanketi yenyewe, akaeleza, yatazinduliwa katika awamu ya pili.

"Haya mama, panda twende," katibu akasema.

Hapo Bi Mashavu akaona haya. Nalisema hili kwa sababu nimekaa na watu wa Nundu, nawajua. Mgeni amefika mpaka kwake. Hakumkaribisha ndani, ndani kuna maji. Hakumpa kiti, wala chai, wala hata kikombe cha maji ya kunywa. Na sasa mgeni anaondoka hivi hivi. Mtu wa Nundu hawezi kulibeba jambo hilo, ni bora afe.

"Ngojeni kidogo," tukamsikia akisema. "Mheshimiwa hawezi kutoka kwangu mikono mitupu, watu watatusemaje."

Akageuka, akamfungua mbuzi wake.

"Mama," Siwema akaita. "Mama, panda wewe. Mwache mbuzi."

Lakini wale wa Nundu walikuwa wamefurahi kwamba kimepatikana kitu cha kumpa mgeni, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mbuzi akapakiwa. Boti ikayumba. Mbuzi akawa hatulii, anataka kurukia majini, mpaka akawekwa kwenye kiti cha nyuma upande wa kushoto, mpiga picha mmoja akamshika pembe, hapo akatulia.

Katibu akaangalia boti, akamwangalia Bi Mashavu.

"Imejaa, mama."

"Hamna neno, mwanangu," Bi Mashavu akasema. "Mshikeni vizuri asianguke. Mimi nitakuja zamu nyingine."

Boti ikarudi. Mbuzi alishushwa kwa makofi, akapigwa picha akikanyaga nchi kavu, na Waziri akasema mbuzi naye ni muathirika. Siwema aliruka ndani ya boti kabla hata hawajamaliza kushuka, akaushika usukani asiojua kuutumia. Katibu akamwomba ashuke. Akamweleza kwa upole kwamba boti ilikuwa na uzinduzi mwingine kesho yake, mkoa mwingine, na mkoa huo nao una haki. Ikafungwa kamba, ikaning'inizwa chini ya helikopta. Mbuzi akapandishwa ndani. Keki haikukatwa, muda ulikuwa umekwisha, wakaondoka nayo. Tukapunga mikono, hata mimi nilipunga, mkono umeshazoea.

*

Helikopta ilipopotea kukawa kimya sana. Hata Nundu waliacha kuimba, ingawa hakuna aliyewaashiria. Jua lilikuwa bado lipo nyuma ya mawingu, mvua inanyesha taratibu, na watu kule wameshikana mikono ili wasiteleze.

"Siwema," Bi Mashavu akaita. "Mgeni amefika salama?"

 Siwema alikuwa ameketi kwenye matope, ameinamia magoti, analia kama mtu aliyechoka kulia.

"Siwema. Umekula, mwanangu?"

Nilitazamia aseme amekula. Ndivyo alivyosema kila siku. Badala yake akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akapanda kuelekea ghalani. Akasimama mbele ya mlango. Akausukuma, akaurudisha, akaupapasa pale kwenye bawaba. Halafu akaokota nondo iliyokuwa inazuia gunia la maharage, akaanza kuzing'oa bawaba.

Mimi ni raia mwema. Nikamwambia, "Dada Siwema, hiyo ni mali ya serikali."

"Najua."

"Mlango huo..."

"Mlango huu ulishazinduliwa," akasema, hakuacha kazi. "Tazama utepe wake huo kwenye komeo. Kitu pekee hapa chenye ruhusa ya kutumika, na sisi tunaupita tunauinamia."

Nikautazama ule utepe uliopauka. Nikakumbuka hotuba yote, jinsi Waziri aliyetangulia alivyotamka wazi kwamba kuanzia siku ile mlango huu utawatumikia wananchi wa Mzembe. Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Nikahisi moto wa aibu masikioni, nikalitupa taulo begani, nikashika upande wa chini.

Bawaba ya juu ikatoka. Ndipo Bwana Mbaruku akaja, kipaza sauti mkononi, tukasimama. Aliutazama mlango. Alilitazama ghala, jinsi lilivyokuwa wazi na kila kitu kinaonekana, mablanketi na yote. Bila mlango hakuna atakayeweza kulifunga tena, na hilo alilijua kuliko sisi. Akatazama Nundu. Watu wa kule walikuwa wameacha kusimama kwa safu; walikuwa fungu moja tu, maji yako mapajani.

Akakiweka kipaza sauti chini, kwenye matope.

"Nimesikia kule mbugani hakuna mafuriko," akasema. "Na nyani si watu wabaya." Akavua koti la wizara, akashika upande wa juu.

Mlango ulikuwa mzito kuliko boti. Tukauburuta mpaka majini, tukaufunga madumu matupu chini yake, yale ya msaada, hayakuwa yamezinduliwa na wala hatukuyauliza. Tukaunga kamba za magunia. Ukaelea. Mbao za serikali ile ya zamani zilikuwa nzuri, hilo tuwape. Siwema akalala juu yake kifudifudi, anapiga maji kwa mikono na kipande cha ubao, na sisi huku tunaachia kamba kidogo kidogo.

Alianza na mama yake. Bi Mashavu alikataa, akasema waanze wagonjwa. Tulimsikia Siwema akimjibu kwa ukali, kwa mara ya kwanza tokea tumjue, kwamba zamu yake ilishachukuliwa na mbuzi na hii hampi mtu. Bi Mashavu akapanda. Tukaivuta kamba mimi na Bwana Mbaruku, mikono ikachubuka, mlango ukaja polepole juu ya Mzembe, mama ameketi katikati, amekumbatia sufuria yake. Kisha ukarudi kule, ukaja tena. Hivyo hivyo mpaka Nundu ikabaki na kibanda kitupu, na baadaye kidogo kibanda nacho kikaegemea upande, kikaondoka.

Watu walikaa ndani ya ghala lisilo na mlango, kila mmoja na blanketi ambalo halikuzinduliwa, na lilipasha joto vilevile. Mimi nilikuwa napita nawafuta wazee nywele kwa taulo. Nilipomfikia Bi Mashavu, alikuwa amemshika binti yake kidevu, anamwangalia uso.

"Nilikuuliza kitu hukunijibu. Umekula?"

"Sijala, mama," Siwema akasema. "Hata juzi sikula. Siku zote hizo nilikuwa nakudanganya."

"Najua. Sauti ya mtu aliyeshiba naifahamu."

Akampa sufuria, akamwambia achote maharage. Tukapanga mawe matatu, tukapasua kuni za maboksi, lakini kila kitu kilikuwa kimelowa, moto ukakataa. Bwana Mbaruku akatoka kimya kimya akatafute cha kuwashia. Akarudi na utepe wa boti, ule uliokatwa na Waziri, ameukunja vizuri ndani ya shati. Akaniuliza kama unaweza kushika moto.

Nikamwambia hauwezi kushindwa. Ulikuwa mkavu kabisa, nilikuwa nimeupangusa mwenyewe.